Nani wa Kumfungulia Moyo: Niliyojifunza Miongoni mwa Wanawake wa Bhakti

Wapo wanaoamini kwamba wanawake wanaosali pamoja hupendana bila kujitaabisha, kana kwamba sala yenyewe huondoa wivu, umbeya na majivuno. Mimi nimekaa miongoni mwa wanawake wanaomwabudu Krishna tangu utotoni mwangu Mombasa hadi sasa ninapoishi Nairobi, na niliyoyaona yamenifundisha vingine. Nimeuona urafiki wa ibada ukimwinua mama aliyefiwa na mwanawe hadi akaweza tena kula na kucheka, na nimeuona urafiki wa aina hiyo hiyo ukimjeruhi mtu mahali ambapo hakutarajia kuguswa. Waliohusika katika hali zote mbili waliimba nyimbo zilezile na kushika mifungo ileile. Kilichotofautiana ni jinsi walivyopeana na kupokeana, jinsi walivyochagua wa kumwambia siri zao, na jinsi walivyoyatumia mafundisho ya uvumilivu kwa mwenzao aliyekuwa matatani.

Bhakti ni njia ya kumwendea Mungu kwa upendo, na ndani ya dini ya Kihindu ina matawi mengi. Nililokulia ni tawi la Wavaishnava, yaani wanaomwabudu Vishnu na Krishna, wa Gujarat, na nililojiunga nalo ukubwani ni lile linalotokana na Chaitanya, mtakatifu aliyezaliwa Navadvip, Bengal, mwaka 1486 na kufariki Puri mwaka 1534. Chaitanya alifundisha kwamba majina ya Mungu yaimbwe na watu wengi kwa pamoja, kwa sauti, barabarani na majumbani, na kwa hiyo wafuasi wake hawakuweza kuuona usuhuba kuwa jambo la pembeni. Wanauita sadhu-sanga, yaani kukaa na watu wa Mungu, na maandiko yao yanasema kwamba hata kitambo kifupi cha ukaaji huo kinaweza kumfikisha mtu kwenye utimilifu. Katika sura ya 10 ya Bhagavad Gita, Krishna anawaeleza waja wake kuwa ni watu wanaoelimishana wao kwa wao na wanaopata raha katika kuzungumza habari zake. Mwanamke anaweza kufanya japa akiwa peke yake chumbani, akiyahesabu majina kwa tasbihi yenye shanga 108, lakini kuelimishana kunataka wawili.

Bibi yangu mzaa baba, ambaye sote tulimwita Ba, alikuwa na kikundi cha bhajani, yaani nyimbo za ibada, kilichokutana mchana wa Ekadashi, siku ya kumi na moja ya kila nusu ya mwezi mwandamo, ambayo Wavaishnava hawali nafaka wala jamii ya kunde. Kwa kuwa mihogo haimo katika makatazo hayo, nyumba yetu ilinukia mihogo ya nazi kila Ekadashi, na hadi leo sijaona mji mwingine ambako mfungo wa Kigujarati umekubaliana na jiko la Kiswahili kwa uzuri kama Mombasa. Wanawake waliketi juu ya mkeka, mmoja akashika matoazi, nao wakaimba nyimbo za watakatifu wa Saurashtra, sehemu ya Gujarat, ambazo mababu zao walivuka nazo bahari.

Nyimbo walizozipenda zaidi zilikuwa za Gangasati, mwanamke mtakatifu wa huko Saurashtra, ambaye bhajani zake zimeelekezwa kwa mtu mmoja tu, Panbai, mkamwana wake. Anamwita kwa jina na kumfundisha: kwamba mlima Meru, ule wa masimulizi ya Kihindu, waweza kutikisika lakini moyo wa mja usitikisike, na kwamba lulu itungwe upesi uziini wakati umeme unapomulika, kwa maana nafasi ya kumjua Mungu ni fupi kiasi hicho. Ni vigumu kueleza uzito wa jambo hili kwa mtu ambaye hajaishi katika nyumba ya Kigujarati ya wakati ule, ambamo bibi harusi aliingia akiwa kijana, akakabidhiwa jiko ambalo si lake, na mavyaa wake akawa ndiye anayeamua atoke lini, ale nini na azungumze na nani. Na hapa kuna mapokeo mazima ya nyimbo ambamo mavyaa anampa mkamwana kitu bora kuliko vyote alivyonavyo, tena bila kumdai utumishi kuwa malipo yake.

Niliyaona matunda yake kwa macho yangu. Mama yangu alikuwa na sauti nzuri kuliko Ba na aliikumbuka mizani ya nyimbo vizuri zaidi, na walipoketi mkekani alimsahihisha, naye Ba akakubali na kurudia beti kama alivyoelekezwa. Jikoni jambo hilo lisingewezekana katika miaka ile ya mwanzo. Lakini kwa kuwa lilikuwa likitokea kila Ekadashi, mbele ya wanawake wengine, ukali wa jikoni nao ulianza kulegea, na kufikia wakati nilipopata akili wawili hao walikuwa wakishauriana juu ya mambo ya nyumba kama watu wa rika moja. Ninaamini ibada iliwasaidia kwa sababu iliwapa mahali ambapo hakuna aliyemmiliki mwenzake. Wote wawili walikuwa wanafunzi wa Gangasati.

Nilipoolewa nikahamia Nairobi, na huko nikaingia katika mduara wa wanawake wa mapokeo ya Chaitanya unaokutana majumbani. Wengine ni Wagujarati kama mimi, wengine ni Wakikuyu, Wakamba na Waluo, na lugha inayotukutanisha ni Kiswahili, isipokuwa beti za Kisanskriti na Kibengali tunapoimba. Mapokeo haya yalipata nguvu Kenya baada ya ziara ya A. C. Bhaktivedanta Swami Prabhupada mwaka 1971, na wazee wetu hupenda kukumbusha kwamba alipokuwa Nairobi alitaka milango ya hekalu la Wahindu ifunguliwe ili Waafrika waliokuwa nje waingie katika kirtana, yaani kuyaimba majina ya Mungu kwa pamoja. Milango ilifunguliwa, na watu wakaingia. Kilichobaki, na ambacho hakiwezi kufanywa kwa agizo la siku moja, ni waliomo ndani kuwa marafiki kwelikweli.

Hapo ndipo maneno ya Rupa Gosvami yalipoanza kunisumbua kwa namna njema. Huyu alikuwa afisa mkubwa katika serikali ya Sultani wa Bengal, akaacha cheo na mali, akaenda kuishi Vrindavan, mji mtakatifu wa Krishna, kwa maelekezo ya Chaitanya. Aliandika matini fupi ya beti 11 iitwayo Upadeshamrita, na katika ubeti wa nne anataja dalili sita za upendo kati ya waja: kutoa zawadi na kupokea zawadi, kufungua siri ya moyo na kumuuliza mwenzako siri ya moyo wake, kula chakula kilichotolewa kwa Mungu na kumlisha mwenzako chakula hicho. Tuliusoma ubeti huu mara nyingi kwenye mduara, na wengi wetu tuliuchukua kuwa ni sifa ya ukarimu. Mimi pia nilidhani hivyo, hadi mama mmoja wa Kikamba alipotuonyesha kwamba dalili hizo zimewekwa mbilimbili, na kwamba kila jozi ina nusu ambayo mduara wetu haukuwa nayo.

Kwa muda mrefu mikutano ilifanyika katika nyumba za Wagujarati, ambazo zilikuwa kubwa na zilikuwa karibu na mjini. Wenyeji walipika, wakagawa prasada, yaani chakula kilichotolewa kwa Mungu, na kila mgeni akaondoka na mfuko wa chakula kwa ajili ya watoto. Hakuna aliyekosa adabu, na zawadi zilitolewa kwa moyo safi. Siku moja, baada ya kula, mama huyo alimgeukia mwenye nyumba na kumwambia kwa upole, mbele ya sote: "Mataji," yaani mama mheshimiwa, "mimi nimekula kwako tangu nilipokuja. Wewe utakula kwangu lini?" Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu kuliko inavyopaswa, na kila Mgujarati aliyekuwamo alikijua chanzo chake. Katika familia zetu nyingi kula kilichopikwa na mtu wa nje ya jamii kulikuwa ni jambo la kukatazwa kabisa, na hata pale ambapo katazo limesahauliwa kwa midomo, mkono bado husita.

Tulikwenda kwake. Alikuwa amepika muthokoi na mbaazi, bila kitunguu wala kitunguu saumu, kama inavyotupasa sisi, akaunga kwa samli na mvuje kidogo. Alikitoa chakula mbele ya picha ya Krishna akiwa ameweka juu yake jani la tulasi, mmea wetu mtakatifu, kisha akatugawia kwa mkono wake mwenyewe. Mwenye nyumba yule aliyeulizwa alikula, akaomba kuongezewa, akaomba pia afundishwe jinsi mahindi yanavyokobolewa. Tangu siku hiyo waliongea tofauti. Mama wa Kikamba alianza kumkosoa katika mambo ya mafundisho, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na Mgujarati alianza kumwambia mama yule shida zake, ambazo alikuwa amezificha miaka yote nyuma ya sufuria zake kubwa.

Anayetoa daima na hapokei hubaki juu. Wanawake wengi tumelelewa kuuona utoaji kuwa ndio wema wote, na ninaelewa kwa nini, lakini nimeshuhudia jinsi unavyoweza kuwa ukuta. Mapokeo yetu yenyewe yanashuhudia hivyo. Katika hekalu la Jagannatha huko Puri prasada huliwa na watu wa matabaka yote bila kutenganishwa, na Haridasa, aliyezaliwa katika familia ya Kiislamu, aliheshimiwa na Chaitanya kuliko wengi wa Mabrahmani, watu wa tabaka la makuhani. Kama hayo yaliwezekana katika India ya karne ya 16, basi sisi wa Nairobi hatuna udhuru.

Jozi ya pili, ya kufungua moyo na kuulizana, ndiyo iliyotugharimu zaidi. Mmoja wetu, mwanamke kijana aliyekuwa hajapata mtoto, alimweleza mwenzake wa mduara kwamba vipimo vya hospitali vilionyesha tatizo liko upande wa mume. Mume hakutaka mtu yeyote ajue, hata mama yake mzazi. Haukupita muda mrefu habari ikazunguka, na ilizunguka katika vazi la utakatifu: "Tuwaombee fulani na mumewe, maana wana mtihani huu." Kila aliyeipitisha aliamini kwamba anamtendea mema. Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini kata ile ilikuwa imepita mikononi mwa watu wengi, na dada yetu akaisikia siri yake kutoka kwa mtu ambaye hata hakulijua jina la mumewe. Aliacha kuja. Mume, aliyekuwa ameanza kuvutiwa na kirtana, hakukanyaga tena nyumba ya mja yeyote.

Baada ya hapo baadhi ya wanawake walisema kwamba somo ni kutosema. Tuimbe, tusome, tule, na mambo ya nyumbani yabaki nyumbani. Ninaielewa hofu yao, ila siikubali rai yao, kwa kuwa inafuta dalili mbili kati ya sita na kuuacha mduara ukiwa ukumbi wa nyimbo tu. Jibu lilikuwa katika ubeti wa tano wa matini ileile, ambao kwa sababu nisiyoijua tulikuwa tukiupita haraka. Humo Rupa Gosvami anasema kwamba anayetaja jina la Krishna aheshimiwe moyoni, kwamba aliyepata diksha, yaani aliyeingizwa rasmi na mwalimu, na anayeabudu ainamiwe kwa heshima, na kwamba anayetafutwa kwa ukaribu na kuhudumiwa ni yule aliyekomaa katika ibada, ambaye moyo wake hauna tena hamu ya kuwalaumu wengine. Kumbe ubeti wa nne unatuambia tufungue moyo, na ubeti wa tano unatuambia kwa nani. Heshima ni haki ya kila mmoja. Siri haikutolewa kwa kila mmoja.

Kipimo hiki kimenisaidia kuliko ushauri wowote niliowahi kupewa juu ya urafiki, ndani ya dini na nje yake. Ninasikiliza jinsi mtu anavyowazungumzia wasiokuwapo. Akiwa mwanamke mwenye elimu kubwa ya maandiko, anayeamka kabla ya alfajiri na kumaliza mizunguko 16 ya japa kabla watoto hawajaamka, lakini kila mazungumzo yake yanafika kwenye kasoro za fulani, basi ninamheshimu kwa elimu na bidii yake, ninajifunza kwake, na sifungui mlango wa ndani. Kufanya hivyo si kumdharau. Nimewaona pia wanawake wasiojua Kisanskriti hata neno moja ambao midomo yao haijui kumtaja mtu kwa ubaya, na hao ndio niliokwenda kwao nilipokuwa na mzigo.

Kuna kisa katika Bhagavata Purana, andiko linalosimulia maisha ya Krishna, ambacho mduara wetu hukirudia kila mwaka, na mimi ninakipenda kwa sababu hakifichi wivu. Usiku wa rasa, ngoma ya duara, Krishna anawatoweka wanawake wa Vraja, nchi aliyokulia, nao wanamtafuta msituni wakiiuliza miti na maua. Wanaziona nyayo zake, kisha wanaona nyayo za mwanamke mwenzao kando yake, na maandiko yanasema waziwazi kwamba zile nyayo ziliwauma, kwa maana mmoja wao alikuwa amepata peke yake kile ambacho wote walikitamani. Wanaendelea kuzifuata. Mbele wanamkuta mwenzao huyo akiwa ameachwa naye pia, anaungulika, na anawaeleza jinsi alivyotukuzwa na jinsi majivuno yake yalivyomwangusha. Hawamcheki wala hawamwambii kwamba amestahili. Wanamsikiliza kwa mshangao, wanamchukua, na wote kwa pamoja wanarudi ukingoni mwa mto Yamuna na kuimba wimbo ambao leo unaitwa Gopi Gita. Tafsiri za wanazuoni juu ya kisa hiki ni za kina kirefu na siwezi kuzigusa hapa. Ninachokichukua kwa ajili ya maisha ya kila siku ni kwamba wivu ulikuwapo hata kwa hao ambao mapokeo yetu yanawaweka juu ya waja wote, na kwamba ulipita pale walipomkuta mwenzao akilia wakaamua kukaa naye.

Mama aliyefiwa, niliyemtaja mwanzoni, alipata watu wa namna hiyo. Mwanawe alikuwa na miaka michache tu. Siku za kwanza walikuja baadhi yetu kumweleza habari za karma na safari ya roho kutoka mwili hadi mwili, mambo ambayo sote tunayaamini, na niliona uso wake ukifunga. Fundisho la kweli likisemwa na mtu ambaye hajaumia, kwa mtu ambaye jeraha lake bado ni bichi, hugeuka kuwa njia ya kumnyamazisha. Mwanamke mzee mmoja, tunayemwita Masi, alifanya tofauti. Alimuuliza mtoto alipenda wimbo gani, alipenda kula nini, alianza kusema lini. Aliuliza, akanyamaza, akasubiri, na alirudi tena na tena kwa majuma mengi baada ya wageni wengine kuacha kuja. Alipoulizwa na sisi tulio wadogo kwake kwa nini hakumfundisha lolote, Masi alitaja habari ya Draupadi, malkia wa masimulizi ya Mahabharata, ambaye wanawe watano waliuawa usingizini, na ambaye muuaji wao alipoletwa mbele yake amefungwa aliomba aachiliwe, ili mama wa muuaji huyo asilie kama alivyokuwa akilia yeye. Draupadi aliona machozi ya mama mwingine kupitia machozi yake, akasema Masi, na sisi tunaweza angalau kuyaangalia yaliyo mbele yetu bila kuyakimbia.

Nimeliacha jambo la uvumilivu hadi hapa kwa sababu ndilo zito zaidi. Chaitanya aliacha beti nane tu, na wa tatu kati yake unajulikana na kila mja: mtu awe mnyenyekevu kuliko nyasi, mvumilivu kuliko mti, mwenye kuwapa wengine heshima bila kuidai kwake, na hivyo ataweza kuyaimba majina ya Mungu daima. Ni ubeti ninaoupenda kwa moyo wangu wote. Lakini nimemsikia mwanamke akisomewa ubeti huo akiwa na alama za kupigwa mkononi. Mume wake alimpiga zaidi ya mara moja, na baadhi ya wanawake wa mduara, tena wenye nia njema, walimwambia awe kama mti. Mmoja alimtajia Bahinabai, mtakatifu wa Maharashtra aliyeishi kati ya mwaka 1628 na 1700, ambaye mumewe Mbrahmani alimpiga kwa sababu ya mapenzi yake kwa kirtana na kwa mafundisho ya Tukaram, mtu wa tabaka la chini, na ambaye alibaki katika ndoa hadi mume akabadilika.

Masi alikasirika, na sikuwahi kumwona amekasirika. Alisema kwamba ubeti wa tatu ni dawa ambayo mtu huinywa mwenyewe, na hakuna aliyeruhusiwa kuimimina kinywani mwa mwingine. Alisema kwamba shabaha ya ubeti ni mtu aweze kuimba, na mwanamke asiyejua kama usiku huu atalala salama hawezi kuimba. Alisema pia kwamba amri ya kuwapa wengine heshima inamhusu mume kwanza, kabla ya mtu yeyote kuanza kuhesabu uvumilivu wa mke. Na kuhusu Bahinabai, alitukumbusha jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: mwanamke huyo aliyasimulia maisha yake katika mashairi yake ya Kimarathi, na kipigo chenyewe alikitaja. Hakukificha ili kuilinda sifa ya nyumba. Kisha akamtaja Mirabai wa Rajasthan, binti wa ukoo wa kifalme, ambaye masimulizi yanasema alipelekewa sumu na wakwe zake, na ambaye aliliacha kasri akaenda kuishi na kuimba miongoni mwa waja. Hakuna Mvaishnava anayemhesabu Mirabai kuwa amekosa uvumilivu.

Tulimpeleka dada yetu hospitalini, na mmoja wa mduara ambaye ni wakili alimweleza kwamba Kenya ina sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani, na kwamba mahakama inaweza kutoa amri ya ulinzi. Uamuzi ulibaki kuwa wake. Alikaa kwa kaka yake kwa kipindi, na alipohitaji fedha tulichanga, na alipohitaji mtu wa kukaa naye bila kumpa ushauri, Masi alikwenda. Yaliyofuata kati yake na mumewe ni yake kuyasimulia. Ninaweza kusema tu kwamba bado anaimba, na kwamba uhusiano wake nasi haukugeuka kuwa deni analolipa.

Mambo haya yamebadilisha pia nyumba yangu, ingawa kwa njia ya kimya. Mume wangu si mtu wa mduara wowote, na kwa miaka ya mwanzo alihofu kwamba wanawake wale watakuwa wakiijadili ndoa yetu. Alipojua kwamba yapo mambo ambayo siyasemi kwa yeyote bila ridhaa yake, na kwamba nikihitaji ushauri nina mtu mmoja ninayemwendea, ambaye naye anamfahamu na kumheshimu, hofu ile iliondoka. Sasa ndiye anayenikumbusha siku ya mkutano. Usuhuba wa kiroho unaomtenga mwanamke na watu wake wa nyumbani, na kumfanya awaone kuwa ni watu duni wasiojua Mungu, mimi ninauogopa, hata kama nyimbo zake ni tamu.

Kwa sasa mduara umewaandikia wasimamizi wa hekalu tunaloliendea, tukiomba wawepo wanawake wanaojulikana na wote kuwa ndio wasikilizaji, ambao mtu mwenye shida anaweza kuwaendea kwa siri, na ambao nao watakuwa na nafasi katika kikao cha wasimamizi linapotokea jambo la ukatili. Tumeomba wachaguliwe kwa kipimo cha ubeti wa tano, si kwa miaka waliyokaa katika ibada wala kwa nafasi ya waume zao. Baadhi ya wazee wameuliza kama mapokeo yanaruhusu wanawake kuwa na mamlaka ya namna hiyo. Tumewajibu kwa kumtaja Jahnava, mke wa Nityananda, sahibu wa karibu wa Chaitanya. Jahnava baada ya kifo cha mumewe aliiongoza jumuiya, akawa na wanafunzi wake mwenyewe, na katika mkutano mkuu wa Wavaishnava huko Kheturi ndiye aliyepewa heshima ya kusimamia. Jibu hilo limepokelewa vizuri kuliko tulivyotarajia. Tumependekeza majina matatu, likiwemo la mama wa Kikamba aliyetupikia muthokoi. Masi, ambaye jina lake lilikuwa la kwanza, amelikataa pendekezo hilo, akisema kwamba bado anajiona mwepesi wa kuwahukumu watu moyoni hata anapofunga mdomo, na sisi tumemwomba alifikirie tena kabla ya kikao kijacho.